Usiku Mmoja Tokyo Kabla ya Ndege ya Pili

MASWALI YA WASAFIRI

Swali

Assalam aleikum, Bwana Mwandishi. Likizo ya Agosti, inshallah, nakusudia kumpeleka mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 13, Honolulu kumwona mjomba wake. Sote wawili tuna pasipoti za Kenya na viza za Marekani tumeshapata. Ajenti ametutafutia tiketi mbili mbalimbali ambazo kwa pamoja ni nafuu kuliko tiketi moja. Ya kwanza inatoka Mombasa kupitia Doha na kutua Narita tarehe 13 Agosti saa 19:00. Ya pili inaondoka Haneda tarehe 15 Agosti saa 00:05. Amenambia kwamba viza ya Japani haihitajiki kwa kuwa tunapita tu, na kwamba nilipie hoteli usiku wa tarehe 13 na usiku wa tarehe 14. Bado sijalipa chochote. Naomba unieleze tulale wapi, tule nini sisi Waislamu, na kama siku ile ya katikati yatosha kuuona mji.

Mama Rukia, Kibokoni, Mombasa

Jibu

Wa aleikum salaam, Mama Rukia. Sentensi iliyonifurahisha zaidi katika barua yako ni ile inayosema kwamba bado hujalipa, maana mambo mawili aliyokwambia ajenti wako si sahihi, na la kwanza lingeweza kuizuia safari yenu hapo hapo Mombasa, kabla hamjapanda ndege.

Nianze na viza. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ili kuingia Japani. Ni kweli kwamba abiria anayepita tu anaweza kuendelea na safari bila viza, lakini sharti lake ni kwamba asivuke dawati la uhamiaji, yaani abaki uwanja ule ule, ndani ya eneo la kuunganisha safari, na mizigo yake iwe imeandikishwa moja kwa moja hadi mwisho wa safari. Safari yenu haitimizi hata sharti moja katika hayo. Narita iko mkoa wa Chiba, kiasi cha kilomita 60 mashariki ya katikati ya Tokyo, ilhali Haneda iko ndani ya jiji lenyewe, kando ya ghuba, upande wa kusini. Hakuna njia ya kutoka uwanja mmoja hadi wa pili bila kuingia nchini. Hata mngekuwa mnaondokea Narita hiyo hiyo, tiketi mbili mbalimbali kwa kawaida huwa na maana kwamba masanduku yenu yatashushwa kwenye mkanda wa mizigo, na mkanda huo uko ng'ambo ya dawati la uhamiaji.

Watakaowazuia, kwa hakika, si maafisa wa Japani. Ni karani wa kaunta katika Uwanja wa Moi, ambaye hukagua hati za kila abiria kabla ya kumpa kadi ya kupandia ndege, kwa sababu shirika linalompeleka abiria asiye na hati zinazotakiwa ndilo hubebeshwa jukumu la kumrudisha. Karani huyo hatasikiliza habari za ajenti.

Njia zilizo mbele yenu ni mbili. Ya kwanza ni kuomba viza ya kupita, ambayo Japani huwapa wasafiri wanaoelekea nchi ya tatu na ambayo humruhusu mtu kukaa hadi siku 15. Ombi hushughulikiwa na Ubalozi wa Japani ulioko Upper Hill, Nairobi, na kwa kawaida huchukua siku tano za kazi tangu siku inayofuata kupokelewa kwa makaratasi yaliyokamilika. Yakipungua kitu, au wakitaka maelezo zaidi, siku huongezeka. Kwa mtu wa Mombasa, basi, inafaa kuuliza mapema orodha kamili ya makaratasi na utaratibu wa kuyawasilisha, ili usipande treni ya Miritini mara ya pili kwa sababu ya picha iliyokosewa kipimo. Viza yako ya Marekani na tiketi ya kuendelea Honolulu ndizo hoja zako kubwa, kwa kuwa zinaonyesha kwamba kweli unapita. Kwa kuwa unasafiri na mtoto bila baba yake, chukua pia cheti chake cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya baba, na hati hizo uzitie katika mkoba wa mkononi, si ndani ya sanduku.

Njia ya pili ni kumwambia ajenti atafute tiketi moja inayounganisha safari yote, yenye kutua na kuondokea uwanja mmoja, hata ikiwa ghali zaidi. Ningekuwa mimi, ningeomba viza na bado ningenunua tiketi moja. Tiketi ikiwa moja, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika lina wajibu wa kukutafutia nafasi nyingine. Tiketi zikiwa mbili, shirika la pili litasema tu kwamba hukufika. Agosti na Septemba ni kilele cha msimu wa tufani Japani. Septemba 2018 tufani iliyoitwa Jebi ilifurika uwanja wa Kansai, karibu na Osaka, na meli ya mafuta ikaligonga daraja pekee linaloufikia uwanja huo uliojengwa baharini. Mwaka uliofuata tufani Faxai ilikata treni na barabara za Narita, na maelfu ya wasafiri wakalala sakafuni. Sikutishi, Mama Rukia. Nakuonyesha tu kwamba unafuu wa tiketi mbili unaweza kuliwa wote na upepo wa usiku mmoja.

Huenda pia ukasikia habari ya ruhusa ya kushuka kwa muda, isiyozidi saa 72, ambayo shirika la ndege humwombea abiria anapofika. Ipo katika sheria, lakini hutolewa kwa hiari ya afisa wa uhamiaji baada ya kutua. Kuivukia bahari pamoja na mtoto kwa kutegemea hiari ya mtu usiyemjua ni jambo ambalo siwezi kulishauri.

Sasa la pili alilokosea ajenti. Tiketi inayosema tarehe 15 Agosti saa 00:05 maana yake ni saa sita na dakika tano za usiku wa kuamkia tarehe 15. Sisi tunaohesabu siku tangu magharibi hatupaswi kubabaishwa na jambo hili, lakini karatasi ya tiketi imewababaisha wengi. Mnatakiwa muwe Haneda jioni ya tarehe 14, kiasi cha saa tatu usiku. Ukilipia hoteli usiku wa tarehe 14 na kulala, utaamka asubuhi ya tarehe 15 na ndege yenu imekwisha ondoka. Kwa hiyo usiku wa kulipia ni mmoja tu, wa tarehe 13. Na jambo jingine la tarehe, ambalo mjomba wake anafaa kulijua: Honolulu iko nyuma ya Japani kwa saa 19, hivyo ndege inayoondoka Tokyo usiku wa manane wa kuingia tarehe 15 itawafikisha Hawaii mchana wa tarehe 14. Awangoje siku hiyo, si siku ya pili yake.

Tarehe zenyewe nazo zina neno. Kati ya tarehe 13 na 16 Agosti Wajapani wengi huadhimisha Obon, siku za kuwakumbuka wazee waliotangulia, na watu hurejea makwao kwa wingi kama watu wetu wanavyojazana kwenye mabasi ya Lamu wakati wa Maulidi. Hoteli zilizo karibu na viwanja hujaa na treni za masafa hujaa. Weka nafasi mara tu viza itakapotoka.

Kulala, basi, nawashauri mlale Narita, wala msijaribu kufika mjini usiku ule. Ndege ikitua saa moja usiku, kupita uhamiaji, kuchukua mizigo na kupita forodha kunaweza kuwachukua saa nzima na zaidi. Mkijaza taarifa zenu mapema katika mtandao wa serikali uitwao Visit Japan Web, mtaonyesha alama ya kusomwa kwa mashine badala ya kuandika fomu mkiwa wima na macho yana usingizi. Wewe utapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Mwanao, kwa kuwa hajatimiza miaka 16, hatachukuliwa. Kufikia hapo itakuwa imekaribia saa tatu, na mtakuwa mmesafiri tangu Mombasa usiku na mchana. Hoteli nyingi za Narita hutuma mabasi yao ya bure hadi kwenye majengo ya abiria. Unachotakiwa kufanya kabla ya safari ni kuandika kwenye karatasi jengo mtakalotua, namba ya kituo cha basi la hoteli yenu, na saa ya basi la mwisho. Taarifa hizo tatu zitakuokolea saa nzima ya kuulizauliza.

Narita hulala usiku, jambo linalowashangaza wanaodhani kwamba uwanja mkubwa hauwezi kulala. Ulifunguliwa tarehe 20 Mei 1978 baada ya miaka mingi ya upinzani mkali wa wakulima ambao mashamba yao yalichukuliwa, na hadi leo, kwa ajili ya watu wanaokaa pembezoni, hakuna ndege zinazopangiwa kuruka wala kutua baina ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Maduka mengi hufunga, treni hukoma, na teksi ya kwenda Tokyo kwa umbali ule hugharimu fedha ambazo zingewalipia chumba kizuri.

Chagua chumba cha kawaida chenye vitanda viwili. Hoteli za vijumba, zile ambazo mtu hujipenyeza kwenye kitanda kilichofunikwa kama kasha, ziko hata ndani ya Narita, lakini hutenga wanawake na wanaume katika sehemu mbali mbali kabisa. Mwanao angelala upande wa wanaume peke yake, katika nchi ngeni, nawe usiweze kumfikia. Nyingine hazipokei watoto wa umri wake. Hapo sioni la kujadili.

Siku ya tarehe 14 yatosha, ila msiijaze mambo. Habari njema ni kwamba zipo treni zinazotoka Narita, zikapita chini ya Tokyo kwa njia iitwayo Asakusa, na kuendelea hadi Haneda bila abiria kubadilisha treni. Safari nzima huchukua kiasi cha saa moja na nusu. Wengi wangekwambia ushuke kituo cha Asakusa na masanduku yako, uyatie kwenye makabati ya kukodi kituoni, kisha utembee. Mimi singefanya hivyo wakati wa Obon, kwa sababu makabati makubwa hujaa mapema na ngazi za kituo kile si rafiki wa masanduku. Ningepanda treni asubuhi hadi Haneda, nikaweka mizigo kwenye kaunta ya kuhifadhia iliyoko Jengo la 3, halafu nikarudi Asakusa mikono mitupu. Muda unaoongezeka ni mdogo, na utulivu wa moyo ni mkubwa.

Asakusa ina hekalu la Kibudha liitwalo Sensoji, linalohesabiwa kuwa kongwe kuliko yote ya Tokyo, lenye lango lililotundikwa taa kubwa nyekundu ya karatasi ambayo mtoto wako bila shaka atataka kupigwa picha chini yake, na mbele ya hekalu upo mtaa mrefu wa vibanda vya zawadi. Mitaa ya jirani ina maduka ya rameni ya halali, yaani tambi ndani ya mchuzi wa moto, na hapo ndipo ningewapangia chakula cha mchana. Ukipendelea msikiti kuliko hekalu, Msikiti wa Tokyo uko hatua chache kutoka kituo cha Yoyogi-Uehara; wa kwanza ulijengwa 1938, na huu wa sasa, wenye mnara na kuba kwa mtindo wa Kituruki, ulifunguliwa 2000. Chagua kimoja. Agosti kwetu ni msimu wa kusi na hewa ina nafuu. Tokyo mwezi huo joto hupita nyuzi 30 na unyevu wake hauna upepo wa bahari wa kuupunguza, hivyo mtu wa pwani anayedhani amezoea joto huishiwa nguvu ifikapo adhuhuri. Saa kumi na moja za jioni muwe tayari mnaelekea uwanjani.

Chakula cha dharura mtakipata kwenye maduka madogo yasiyofungwa usiku, kama 7-Eleven, Lawson na FamilyMart. Humo mna tonge za wali zenye umbo la pembe tatu ziitwazo onigiri, zilizotiwa samaki au tunda chachu katikati na kufungwa kwa jani la mwani. Karatasi yake imeandikwa 1, 2 na 3: uzi wa namba 1 huvutwa kutoka ncha ya juu hadi chini na mgongoni, kisha pembe ya 2 na ya 3 huvutwa kushoto na kulia, na jani la mwani hubaki kavu hadi dakika ile linapogusa wali. Anayekosea mpango huo hubaki na wali mkononi na mwani ndani ya karatasi. Kwa upande wa halali, jihadhari hata na vitu visivyo na nyama, kwa sababu mvinyo wa mchele wa kupikia na viungo vilivyotokana na nguruwe huingia katika michuzi mingi, na maandishi ya kifungashio huwa ya Kijapani. Programu ya simu inayotafsiri maandishi kwa kamera itakusaidia sana hapo.

Mahamri na visheti vya njiani unaweza kuchukua. Sambusa za nyama usichukue kabisa, wala soseji, wala nyama iliyokaushwa: Japani hairuhusu bidhaa za nyama kuingia bila cheti cha ukaguzi cha nchi zilikotoka, mbwa wa kunusa huzunguka kwenye mikanda ya mizigo, na adhabu si maneno matupu. Maembe nayo yaacheni nyumbani.

Narita na Haneda zote zina vyumba vya sala. Mtakapokuwa hotelini kumbukeni kwamba Makka, ambayo kwetu Mombasa iko kaskazini karibu sawasawa, Tokyo iko magharibi, ikielemea kidogo kaskazini. Jua la katikati ya Agosti huko huchomoza karibu na saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo wakati wa Alfajiri huingia mapema sana, usiku bado mzito. Ikiwa mnajumuisha sala kama wasafiri, Maghribi na Isha zitawasubiri chumbani.

Mengine ni mafupi. Japani iko mbele yetu kwa saa sita, na hilo lina faida kwa Mswahili: namba ya saa mnayoitamka Mombasa ndiyo namba itakayoonekana kwenye saa ya ukutani ya Tokyo, ila mchana na usiku haziendi pamoja. Ukiona huko saa 2 ya usiku wa manane, Mombasa ni saa mbili usiku, na watu wa nyumbani bado wako macho kupokea simu. Soketi za huko ni za pini mbili bapa na umeme wake ni volti 100. Nunueni kiunganishi kabla ya kuondoka na muangalie kama chaja imeandikwa 100 hadi 240. Muwe na yeni taslimu kidogo, kwa kuwa mashine za kuongeza fedha kwenye kadi za treni zinataka noti. Na ikiwa utakuwa umepakwa piko kwa ajili ya arusi, ujue kwamba bafu nyingi za umma hukataa wenye chale mwilini, na mlinda mlango hawezi kutofautisha. Sidhani kama ulikuwa na nia ya kuoga na umma, lakini hoteli nyingine hutangaza bafu hizo kama neema, basi uchague iliyo na bafu ndani ya chumba.

Swali

Mwandishi, mimi ni mwanafunzi na nina tiketi moja ya kwenda Los Angeles kupitia Tokyo. Nitafika Narita jioni na kuondoka asubuhi. Sina viza ya Japani. Je, naweza kulala kwenye kiti ndani ya eneo la kuunganisha?

Msomaji, Kisauni

Jibu

Tiketi moja na uwanja mmoja ni mwanzo mzuri, mwanangu, lakini usiku wa Narita ndio wenye tatizo, kwa sababu nilizozieleza hapo juu: uwanja huo haukupangiwa watu wa kukesha ndani. Liandikie shirika lako swali moja lililo wazi, kama abiria wa Kenya asiye na viza anaruhusiwa kubaki Narita usiku huo kwa saa hizo, na jibu lao ulihifadhi kwa maandishi. Jibu likiwa la mashaka, omba ubadilishiwe safari ipite Haneda, au ipite Narita mchana. Haneda hufanya kazi usiku kucha, na hoteli ya Royal Park iliyoko Jengo la 3 ina vyumba ndani ya eneo la kuunganisha kwa ajili ya abiria wasioingia nchini. Vyumba hivyo si vingi, kwa hiyo usingoje kufika ndipo uulize.

Swali

Bwana Mhariri, nafanya biashara ya matrekta na magari ya mtumba kutoka Japani, na safari hii nakwenda mwenyewe Hokkaido kuyaona kabla ya kununua. Viza ninayo. Natua Haneda saa 22:50, na ndege ya ndani kwenda Sapporo inaondoka asubuhi saa 07:00. Mwenzangu ananishauri nilale mtaa wa Shinjuku, katikati ya Tokyo, nionje mji. Wewe wasemaje?

Mfanyabiashara, Changamwe

Jibu

Mwenzako anaipenda Shinjuku kuliko anavyokupenda wewe, ndugu yangu. Ukitua saa tano kasoro dakika kumi za usiku, hutakuwa nje ya forodha kabla ya saa tano na nusu kwa bahati nzuri, au saa sita kwa bahati ya kawaida. Treni za Tokyo hukoma muda mfupi baada ya saa sita na hazirudi hadi karibu na saa kumi na moja alfajiri. Utapanda teksi kwenda, utalala kwa saa chache tu, kisha utaamka gizani uikimbilie treni ya kwanza ukiwa na hofu. Shinjuku iweke kwa ajili ya kurudi.

Kaa Haneda. Jengo la 3, la safari za kimataifa, lilifunguliwa Oktoba 2010 na halifungwi. Ghorofa ya juu ya ukumbi wa kuondokea imejengwa kwa mfano wa mtaa wa zamani wa Edo, jina la Tokyo kabla ya 1868, kwa mbao na taa za karatasi, na palipo na viti unaweza kukaa bila kuulizwa. Bafu za kulipia zipo, na duka la vyakula halifungwi. Ila kwa mtu anayekwenda kukagua injini siku ya pili yake, kiti si kitanda. Mbali na Royal Park, ambayo ina vyumba pia upande wa nje kwa walioingia nchini, ipo Villa Fontaine iliyoungana na Jengo la 3, na katika Jengo la 1 ipo First Cabin, ambayo ni ya vyumba vidogo vya mtu mmoja mmoja.

Kwako wewe uliye peke yako kijumba kinafaa, bora ujue desturi zake. Viatu huvuliwa mlangoni na kutiwa kabatini. Mzigo mkubwa haulali nawe. Mlango wa kijumba hauna kufuli, ni pazia la kushusha tu, hivyo pasipoti na fedha vikae kwenye kabati lenye ufunguo au chini ya mwili wako. Kengele ya simu iweke itetemeke bila sauti, kwa kuwa kengele moja huamsha watu ishirini, na Mjapani hatakugombeza, atakutazama tu. Wasiopenda mahali pa kubana, au wanaokoroma kama injini ya dizeli, walipie chumba kamili.

Kabla ya kuweka nafasi, angalia tiketi yako inaondokea jengo gani. Ndege za Japan Airlines za ndani hutumia Jengo la 1, na za shirika la ANA (All Nippon Airways) hutumia zaidi Jengo la 2, ambalo si hilo utakalotua. Basi la bure linayaunganisha majengo hayo matatu, lakini majengo ya 1 na ya 2 hayabaki wazi usiku kucha kama la 3, kwa hiyo ukichagua First Cabin uliza hotelini, kabla ya kusafiri, saa ya mwisho ya kupokea wageni na namna ya kuingia ndege ikichelewa. Ukilala upande wa Jengo la 3, panda basi la alfajiri saa kumi na moja, uwe kaunta ya Sapporo saa kumi na mbili kasorobo.